Kofia Zimetimia

Ijumaa, 1 Machi

Kitinda mwanangu,

Mimi mzima, ila goti lina mambo yake. Barua yako ililetwa na dereva wa lori lenu la vifaa, akaitupia dirishani kama gazeti. Mwambie mlango ninao. Na huko mnakopima barabara simu itashika lini? Au mpaka barabara ikamilike?

Umeniuliza kituo cha mchana cha wazee kinaendaje. Sikiliza basi, maana umeuliza mwenyewe. Asubuhi tunapigishwa makofi. Mimi, na mvi zangu hizi, niliyeshona sare za shule nzima, nikalea, nikazika mume, leo narushiwa mpira naulizwa, "Mama, huu una rangi gani?" Nikamwambia una rangi ya kunichosha. Wenzangu wakacheka, mimi nikaonekana mkorofi. Baada ya mpira, nyimbo. Baada ya nyimbo, chai, na chai yenyewe ni maji yaliyooneshwa majani ya chai kwa mbali.

Msimamizi wetu ni mwanamke mwenye filimbi shingoni. Hata akitaka kukupa pole anapuliza kwanza. Tunamwita Bi Filimbi. Hajui, au anajua na anajikausha.

Alhamisi ndiyo balaa kabisa, siku ya matembezi. Tunapakiwa kwenye basi dogo la kituo, tunapelekwa bustani ya manispaa tukaangalie maua, kana kwamba maua yametukimbia. Ili tusipotee walitununulia kofia za njano za dukani, zinashuka mpaka puani. Nikashindwa kuvumilia, nikasema leteni kitambaa. Nimeshona kofia ishirini kwa mkono wangu, pindo mara mbili, hakuna hata moja iliyopinda, na kitambaa kikaishia hapo hapo, hakikubaki hata cha kufutia pua. Unadhani nilishukuriwa? Sasa Bi Filimbi hatuangalii hata nyuso. Anasimama mlangoni pa basi, anahesabu kofia kama anahesabu maboga, zikitimia anapuliza, tunaondoka.

Bustanini tunacheza drafti. Kuna mzee mmoja, si wa kwetu, zamani alikuwa fundi saa. Kila Alhamisi tunamkuta keshakaa kwenye benchi pembeni ya meza yetu. Hachezi, kazi yake kutia maneno tu. "Ungesogeza ile ya pembeni." Nani kakuuliza? Na tukiondoka anasimama kutupungia mkono mpaka basi likate kona. Ananiudhi mtu huyo, we acha tu.

Kula. Usijitie kukonda na jua la huko.

Mama yako

*

Jumanne, 5 Machi

Mama yangu,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma jioni baada ya kazi, nikakosa hata hamu ya kula. Kila barua ni kituo, kituo, kituo. Chai mbaya, nyimbo mbaya, mpira mbaya, sasa na wazee wa kwenye mabenchi wabaya.

Mama, hebu niambie ukweli. Unataka nikutoe? Nilikupeleka pale kwa sababu baba alipofariki ulijifungia chumbani, pazia lile la njano limefungwa asubuhi na jioni, chakula jirani anakuja kukikuta vile vile alivyokiacha. Niliogopa. Nilikuwa napima barabara huku akili iko kwako. Nikasema afadhali akae na watu. Lakini kama watu wenyewe wanakutesa, sema tu, wala sitakulaumu.

Kitinda

*

Jumamosi, 9 Machi

Kitinda,

Nani kasema natesa au nateswa? Nimekueleza chai ilivyo, basi. Umeuliza nikajibu.

Wiki hii tulifinyanga udongo. Mwenzangu aliyekuwa karani wa posta kafinyanga kitu akasema ni bata. Nikamuuliza bata gani hana shingo. Kanuna mpaka saa ya kuondoka, na kesho yake nikalazimika kumpelekea biskuti. Haya ndiyo maisha yangu.

Halafu yule Fundi Saa. Alhamisi kaja na shati limekosa vifungo viwili. Nikamwambia baba, umri huu unatembea kifua wazi unamtafuta nani? Akasema kwake hakuna wa kumwambia vifungo vimetoka. Kasema hivyo hivyo tu, anaangalia drafti. Nilikasirika sana. Nikamwendea Bi Filimbi nikamwambia mwandikisheni na huyu, maneno yake kwenye drafti angalau ayaseme akiwa amekaa mezani. Kanijibu: "Mama, nafasi zimejaa. Viti ishirini, kofia ishirini." Nikamwambia kofia nimezishona mimi, najua ni ngapi. Akapuliza filimbi.

Alhamisi hii tunarudi bustanini tena. Maua yale yale.

Mama yako

*

Ijumaa, 15 Machi

Kwa binti wa mwanachama wetu,

Naanza kwa kukutoa wasiwasi: mama yako yuko nyumbani, mzima, amekula. Sasa nakueleza yaliyotokea jana, na naomba unisome hadi mwisho.

Tulikwenda bustanini kama kawaida. Saa ya kurudi nilihesabu mlangoni pa basi, kofia zikatimia ishirini. Tulipofika kituoni na chakula kimeshapakuliwa, nikaona kwenye kiti cha mama yako amekaa mzee asiye wa kituo chetu. Amevaa kofia yetu, anakula kwa adabu kabisa. Nikamuuliza umeingiaje humu. Akasema, "Mimi ni mgeni, samahani, chakula ni kizuri." 

Tuligeuza basi mbio. Mama yako tulimkuta kwa kinyozi karibu na lango la bustani, goti limemkatalia kutembea. Kakalishwa kwenye kiti cha wateja, anamkosoa kinyozi kwa jinsi aproni yake ilivyoshonwa. Nikamuuliza, Mama, ilikuwaje? Akanijibu, "Si ulihesabu? Zilitimia au hazikutimia?" Hakusema zaidi, na yule mzee naye kafunga mdomo.

Miaka yote ya kazi yangu sijawahi kumsahau mtu. Naomba radhi kwa moyo wote. Kuanzia sasa nitahesabu nyuso.

Msimamizi wa Kituo

*

Jumatano, 20 Machi

Kwa Msimamizi,

Mmemsahau mama yangu. Mmemwacha barabarani, mjane mwenye goti bovu, mkabeba mtu baki mkampa chakula chake! Huku kambini nikipoteza fimbo moja ya kupimia naandika maelezo kurasa mbili. Wewe umepoteza mama wa mtu unaniambia kofia zilitimia.

Na si hilo tu. Barua zake zote ni malalamiko, nilikuwa najifanya sisomi. Sasa basi. Futeni jina lake leo hii. Asikanyage hapo tena.

Binti yake

*

Jumatano, 20 Machi

Mama,

Shikamoo, na pole sana. Nimelia kwa hasira. Kila barua ulikuwa unaniambia, na mimi naona mama anatia chumvi.

Yamekwisha. Nimewaandikia wakutoe. Jirani atakuja kushinda na wewe, nimeshakubaliana naye. Hakuna tena makofi, hakuna bata wa udongo, hakuna mtu wa kukupulizia filimbi, na chai utapika mwenyewe kwa majani unayoyataka. Pumzika, mama yangu.

Kitinda

*

Jumatatu, 25 Machi

Mwanangu,

Barua nimeipata. Asante kwa kunijali. Mimi mzima. Jirani anakuja, ni mtu mzuri. Redio inashika vizuri.

Mama yako

*

Jumapili, 31 Machi

Mama yangu mpenzi,

Siamini macho yangu! Barua nzima hakuna hata lalamiko moja. Nimewasomea wenzangu hapa, wote wanajua habari za kofia, wakapiga vigelegele. Kumbe dawa ilikuwa ndogo hivi, na mimi nilichelewa kuitoa.

Unaendeleaje? Unashona? Nieleze.

Kitinda

*

Jumamosi, 6 Aprili

Mwanangu,

Mimi mzima. Chai ni nzuri. Kila kitu ni kizuri. Usiwe na wasiwasi.

Mama yako

*

Ijumaa, 12 Aprili

Binti,

Hunijui. Mimi ndiye yule mzee aliyekula chakula cha mama yako. Anwani yako nimepewa na jirani yenu baada ya kumsumbua sana, na mama yako akijua nimeandika ataninyonga, kwa hiyo na wewe uwe mtu wa siri kidogo.

Kwanza jua hili: hakuna aliyemsahau mama yako. Siku ile basi lilipokaribia kupakia, nilimwambia kwa utani tu, "Haya, nendeni mkale, mimi narudi kuongea na ukuta." Akaniangalia kwa hasira kana kwamba nimemtukana. Akavua kofia yake akanivisha, akaivuta mpaka masikioni. "Nenda ukaone mwenyewe ninachovumilia," akasema. "Kaa kiti cha dirishani, usimkubalie yule karani wa posta akusogeze." Nikamuuliza na wewe je? Akasema nyumbani anapajua, atatembea. Nilikataa. Binti, umewahi kumkatalia mama yako akiwa ameshaamua? Akanisukuma mgongoni. Kofia zikahesabiwa, filimbi ikapulizwa, mimi huyo.

Akaniapiza nisiseme, eti Bi Filimbi angetufukuza wote wawili kwa utovu wa adabu. Nikanyamaza. Hapo ndipo nilipokosea, maana barua yako ikafika, jina lake likafutwa, nafasi ikawa wazi. Siku ya pili Bi Filimbi akanitafuta bustanini: "Mzee, kiti kimepatikana." Nikauliza cha nani? Akasema cha nani tena.

Nilikwenda kumwambia mama yako nitakataa. Akanifokea mlangoni. Ukikataa, anasema, atapewa mwingine, na wewe utarudi kwenye benchi na vifungo vyako, mimi nitakuwa nimepata nini? Basi sasa mimi ndiye mwenye kofia. Alhamisi tukifika bustanini, binti, tunamkuta yeye. Amekaa kwenye benchi lile lile, upande ule ule niliokuwa nakaa mimi. Anatia maneno kwenye drafti. Tukiondoka anasimama na goti lake anapunga mkono, na mimi niko dirishani najificha uso. Kila nikimvulia kofia anasema hana haja nayo, kituo amekichoka, mwanawe kamwokoa.

Jana hakuja. Jirani anasema pazia la njano limefungwa tangu Jumatatu.

Nimeishi na ukaidi wa saa mbovu maisha yangu yote, lakini huyu mama ameniweza. Fanya kitu.

Fundi Saa

*

Jumanne, 16 Aprili

Kwa Msimamizi,

Salamu. Ni mimi, yule aliyekuandikia kwa ukali mwezi uliopita. Nimejua sasa kwamba hukumsahau mama yangu. Alimvisha mtu mwingine kofia yake kwa hiari yake, na kwa makusudi. Nakuomba radhi. Maneno yangu yalikuwa makali na hayakuwa ya haki.

Naomba mama arudishwe. Tafadhali. Usimtoe yule mzee, mrudishe na mama. Hata asimame.

Binti yake

*

Jumatatu, 22 Aprili

Kwa binti,

Radhi nimepokea. Ila sijui nicheke au nilie na familia yenu.

Mama yako anafanya mapinduzi ya kofia mchana kweupe chini ya pua yangu. Wewe unaniandikia "futeni jina lake leo hii," nami nafuta leo hiyo hiyo. Sasa unaniambia "hata asimame." Nina viti ishirini na watu ishirini, na nyuma yao wanangoja wengine. Bodi ya kituo wiki hii imenikumbusha kwamba baada ya lile tukio nisithubutu kuzidisha hata mtu mmoja. Nikimwingiza mama yako kwa mlango wa nyuma, na mimi natolewa kwa mlango wa mbele.

Nitakwambia kitu nje ya kazi. Tangu aondoke asubuhi zetu zimepooza. Nauliza mpira una rangi gani, wanajibu nyekundu. Wanajibu tu. Karani wa posta hafinyangi tena, anasema hakuna wa kumwambia kama ni bata au si bata. Hata mimi chai hii nimeionja wiki iliyopita kwa makini, na ni kweli ni maji.

Lakini nafasi hakuna. Samahani.

Msimamizi wa Kituo

*

Ijumaa, 26 Aprili

Mama,

Shikamoo. Nina hasira nawe, na nitakwambia hivyo hivyo bila kupaka rangi.

Najua habari ya kofia. Usiulize nani kasema. Najua ulimvisha Fundi Saa, ukatembea na goti lile ukanasa kwa kinyozi. Najua unakaa benchini unapunga mkono. Najua umefunga pazia.

Kwa nini hukuniambia? Unalalamikia chai, unalalamikia mpira, unalalamikia dereva wa lori na mlango, unalalamikia bata wa watu! Unalalamikia kila kitu isipokuwa kile kinachokuuma. Kikikuuma kweli unaandika "kila kitu ni kizuri," na mimi mjinga nashangilia, nawasomea watu. Nilipaswa kujua. Ulipomzika baba uliandika hivyo hivyo: "Mimi mzima, usiwe na wasiwasi."

Nimekutoa mahali ulipokuwa unapapenda kwa sababu nilidhani unapachukia. Nisamehe. Nimemwandikia Bi Filimbi nikamwomba, kasema nafasi hakuna. Sijui nifanye nini. Niko mbali, na barabara hii haiishi. Mama, nakuomba kitu kimoja tu: nigombeze. Niandikie barua ndefu unigombeze mpaka karatasi iishe.

Kitinda

*

Ijumaa, 3 Mei

Kitinda wewe,

Karatasi yenyewe ya siku hizi ni nyepesi, wino unatokea upande wa pili. Sijui wanatengenezea nini.

Kwanza wewe. Nani alikutuma kuniandikia kituoni kwa niaba yangu? Mimi mkono sina? Unaniuliza "unataka nikutoe?" na kabla sijakujibu umeshanitoa! Kisha unaandika kwa kiburi kile, "futeni jina lake." Bi Filimbi kanionesha barua yako, nilitamani ardhi ipasuke. Ni tabia ya baba yako hiyo, Mungu amrehemu, kuamua kwanza kuuliza baadaye. Na bado nasema asante, maana ulilia kwa ajili yangu. Lakini usirudie.

Pili, huyo Fundi Saa na mdomo wake. Nimemshonea vifungo na bado anakwenda kunichongea kwa mwanangu. Nitamtia adabu kwenye drafti.

Tatu, usiniulize habari za pazia la chumbani. Lile la njano. Jumatano nimekaa nikaliangalia, barua yako mkononi, nikaona rangi yake inakaribia kabisa na ile ya kituo. Nikachukua mkasi. Lilikuwa limezeeka hata hivyo, na chumba sasa kina mwanga kama duka. Pindo mara mbili, hakuna mtu atakayejua labda ashike kitambaa.

Jana Alhamisi nikaenda bustanini mapema, nimeshavaa kofia. Wakaja, wakacheza, nikacheza, hakuna aliyesema neno, ingawa karani wa posta alikuwa anajikuna pua kuficha kicheko, hovyo kabisa. Saa ya kurudi nikajipanga. Bi Filimbi kasimama mlangoni pa basi. Sasa anahesabu nyuso, tena anakugusa begani. Akaanza. Alipofika kwangu akanigusa bega akasema, "Ishirini na moja."  Mimi naangalia maua. Akatushusha wote, akahesabu tena kuanzia mwanzo, Fundi Saa wa kwanza, mimi wa mwisho. "Ishirini na moja." Akaishika kofia yangu, akalisugua pindo kwa vidole. Anajua kitambaa, yule mwanamke. Akaangalia basi, akaangalia lile benchi tupu, akanitazama mimi. Kitinda, moyo ulikuwa unanidunda mpaka nikasikia kwenye meno.

Akasema, "Mama, zimetimia. Panda."

Nikakalishwa mbele kando ya dereva, kwenye kile kiti kibovu ambacho wanawekea ndoo. Ndoo nikapakatishwa mimi. Safari nzima nimepakata ndoo, mwanamke mzima. Na dereva anakata kona kama anakata nyasi. Tumefika, chai ni ile ile. Nimeionja nikamwambia Bi Filimbi mbele ya watu wote kwamba hii ni dhambi, akapuliza filimbi, wote wakapiga makofi, makelele matupu. Anasema ya bodi atayajua mwenyewe, ila mimi nifike mapema na ndoo niishike vizuri.

Alhamisi ijayo eti tunapelekwa kiwanda cha sabuni. Sabuni! Nimefua maisha yangu yote, leo nikaoneshwe sabuni kana kwamba ni mnyama wa ajabu. Huo ni upuuzi ambao sijapata kuuona. Gauni nimeshalipiga pasi.

Mama yako